Ukurasa wa Themanini na Saba

Fomu ya ofisi ina visanduku kumi na viwili kwa kila jina.
Anaweza kujitambulisha. Tiki.
Anaweza kuuliza bei. Tiki.
Anaweza kusimulia jambo lililokwisha kutokea.
Hapo kalamu inasita.

Wiki ya kumi na moja, Sherbrooke, theluji magotini,
na hadi jana darasa langu lote liliishi katika wakati uliopo.
Sikuwa nimewafundisha mwingine.

Ulimi hauna mfupa, husemwa.
Ulimi wa Wilmar ulikuwa nao, na mwiba juu yake:
ile u nyembamba, ya kubana midomo kama apulizaye chai,
ilimtoka nene, ikiburura viti.
Juzi, wakati wa mapumziko, akiomba sukari,
"sucre", ikatoka safi.
Akageuka kutazama ni nani aliyesema.

Dhanmaya alikuja na miaka sitini na mitatu
na mkono usiowahi kushika penseli.
Aliishika kama mwiko.
Mwezi mzima tulisonga herufi D.
Sasa anaandika jina lake lote,
kisha analiwekea kiganja juu kidogo,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Kusoma bado. Nisidanganye: bado sana.

"Je suis froid", walikuwa wakisema wote, mimi ni baridi,
nami nasahihisha: kwetu baridi huwi, wala huisikii,
baridi unayo, kama deni. "J'ai froid."
Zoryana akauliza: na njaa?
Nayo unayo.
Na hofu?
Nayo.
Na miaka?
Wakacheka, wakaandika orodha ya mali zao:
baridi, njaa, hofu, miaka arobaini na minne.

Zarmina alipiga simu zahanati peke yake.
Siku tatu alifanya mazoezi mbele ya friji.
Akapewa miadi, akatuletea keki ya iliki,
kumbe amechanganya "mardi" na "mercredi":
alifika siku moja mapema, akaketi hadi wakafunga,
akidhani ndivyo kusubiri kulivyo huku.
Keki ilikuwa nzuri.

Zarmina huyo huyo, tangu Septemba, husema:
ndugu yangu ni fundi saa. Ndugu yangu anapenda zabibu.
Miezi mitatu ndugu yule anatengeneza saa,
anakula zabibu, yuko.
Sijui kama yuko kweli
au ni sarufi inayompa pumzi.

Ndiyo maana niliahirisha mara mbili.
Nikarudia matunda, nikarudia mboga,
hata Gaétane wa chumba cha pili akaniuliza
mbona mmekwama sokoni.

Jana nikafungua ukurasa wa themanini na saba.
Nilikuwa nimebeba leso za karatasi, pakiti mbili.
Nikaandika ubaoni namna ya kusema lililopita,
nikawatazama kama mtu aliyekabidhi kisu kwa mpini
na bado anaogopa.

Wilmar akanyosha mkono wa kwanza.
"J'ai raté l'autobus."
Basi lilimwacha! Darasa likapiga makofi.
Dhanmaya alikuwa amelala. Zoryana alikuwa amekula supu,
na baada yake kila mtu alikuwa amekula kitu,
jana yao nzima ilikuwa na chumvi na mvuke.
Leso hazikutoka mkobani.

Zarmina hakunyosha mkono.
Aliandika mstari mmoja, akaukinga kwa kiwiko
kama mtoto kwenye mtihani.
Nilipopita nyuma yake niliona mwisho tu wa kitenzi,
e isiyo na alama yake.
Sikusahihisha.

Sasa ni saa nne usiku, na fomu zinatakiwa kesho.
Wilmar, tiki. Zoryana, tiki. Dhanmaya, tiki:
alilala, akasema kwamba alilala, nani atabisha.
Ya Zarmina nimeiweka kwa penseli.